Hisia Zikipanda, Anza na Mwili: Namna ya Kutumia Stadi za DBT

Hasira hasara. Kila anayeingia kwenye kikundi ninachokifundisha anaijua methali hiyo, na wengi wamesomewa tangu utotoni. Wanajua vilevile kwamba hawapaswi kufoka mbele ya watoto, kujikata, au kumtumia mtu ujumbe juu ya ujumbe usiku wa manane. Kujua hakujawahi kuwa shida yao. Shida ni kwamba hisia ikishapanda kupita kiwango fulani, yote wanayoyajua hayashikiki. Ndiyo maana somo langu la kwanza halina busara yoyote ndani yake. Ni somo la maji baridi.

Ninachofundisha ni stadi za tiba ya kidialektiki ya tabia, ambayo kwa kifupi tunaiita DBT. Aliyeiunda ni Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani. Aliilenga kwa watu waliokuwa wakijidhuru na kujaribu kujiua tena na tena, ambao matabibu wengi walikuwa wamewakatia tamaa. Utafiti wake wa kwanza wa kulinganisha tiba hii na matibabu ya kawaida ulichapishwa mwaka 1991: wanawake waliopata DBT walijidhuru mara chache zaidi, walilazwa siku chache zaidi, na hawakuacha tiba njiani kwa wingi kama wenzao. Mwaka 2011 Linehan alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili akiwa msichana wa miaka 17. Habari hiyo huwa naitoa mapema, kwa ajili ya yule anayekaa kiti cha karibu na mlango, akiamini kwamba stadi hizi zimetungwa na mtu aliyezisoma hisia vitabuni tu.

Jina gumu la tiba hii lina sababu. Linehan alianza kwa kuwafundisha wagonjwa kubadilika, wakaona wanalaumiwa. Akajaribu kuwapokea tu kama walivyo, wakaona mateso yao hayashughulikiwi. Mwishowe akayashika yote mawili, na huko kushika pande mbili zinazopingana ndiko kunakoitwa udialektiki: unajitahidi kadiri ya uwezo wako, na bado inabidi ubadilike. Ukikutana na mwalimu anayekupa upande mmoja tu, hicho anachokufundisha ni kitu kingine.

Jipime kwanza

Kuna watu ambao hisia zao huamshwa na jambo dogo, hupanda juu sana, kisha huchelewa kushuka. Wamezaliwa hivyo. Ongeza hapo watu wa karibu waliokuwa wakiwaambia kwamba wanadeka, wanajifanya, hawana sababu ya kulia. Mtoto wa namna hiyo hukua bila kujifunza kuitambua hisia yake wala kuiamini. DBT inaiona shida kwenye makutano ya mambo hayo mawili, na hakuna hata moja ulilolichagua.

Kazi ya kwanza, basi, ni kujifunza kuipa hisia jina na namba. Sifuri ni utulivu kamili, mia ndiyo kilele cha maisha yako. Fanya hivyo mara kadhaa kwa siku, hata kama hakuna lolote linalotokea. "Wivu, 35." "Hofu, 50." Usiandike "vibaya, 60", vibaya si hisia.

Baada ya muda utaigundua namba ambayo juu yake akili yako haikutumikii tena. Kwa wengi ninaowafundisha huwa karibu na 70, lakini yako itafute mwenyewe. Dalili zake ni za mwili na za lugha: taya limekaza, unasoma sentensi ileile mara tatu bila kuielewa, na maneno "kila siku" na "hata siku moja" yameanza kukutoka. Kila siku ananidharau. Hata siku moja hajanisikiliza. Ukijisikia unayasema hayo, umeshavuka.

Mgawanyo huu ndio moyo wa somo lote. Juu ya namba yako, tumia stadi za mwili tu. Usijadiliane, usijichunguze, usiamue chochote. Chini yake, ndipo zinapofaa stadi za kufikiri na kusema. Wengi wanaoniambia "nilijaribu, hazifanyi kazi" walichukua stadi ya kufikiri wakaitumia wakiwa 90.

Juu ya namba yako

Simama. Usisogeze hata kidole, maana kidole ndicho kinachobonyeza kitufe cha kutuma. Kisha rudi nyuma hatua moja, kwa miguu kabisa, toka chumbani ukiweza. Tazama kinachoendelea ndani yako na nje yako. Halafu ndipo uchague la kufanya. Yote haya yanaweza kuchukua nusu dakika, na nusu dakika hiyo imewaokoa wengi.

Sasa maji. Jaza beseni maji baridi, ila yasishuke chini ya nyuzijoto 10 za Selsiasi. Inama, bana pumzi, zamisha uso ili maji yafunike paji la uso, macho na sehemu ya juu ya mashavu. Kaa hivyo kwa sekunde kama 30, au toka mapema ukihitaji hewa. Ukiwa huna beseni, funga barafu kwenye kitambaa chenye maji, uinamie na kuibana juu ya macho na mashavu huku umebana pumzi. Mwili una mwitikio wa asili wa kupiga mbizi, ambao wanyama wengine wanyonyeshao wanao pia: uso ukipata baridi huku pumzi imebanwa, mapigo ya moyo hupungua. Huhitaji kuamini chochote ili mwitikio huo ufanye kazi, na kwa sababu hiyo ndiyo stadi ninayoipenda kuliko zote.

Tahadhari, na hii usiiruke. Mwenye ugonjwa wa moyo, mapigo ya moyo ya taratibu mno, anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo, au anayesumbuliwa na matatizo ya ulaji kama kujinyima chakula, asijaribu maji baridi kabla ya kumuuliza daktari.

Ikiwa maji hayakufai, choma ile nguvu. Kimbia papo hapo, panda na kushuka ngazi, ruka kamba, mpaka uhemee juu juu. Hasira na hofu huuandaa mwili kwa mapigano au mbio. Upe hizo mbio. Kisha punguza pumzi: vuta kwa kuhesabu mpaka nne, toa kwa kuhesabu mpaka sita. Hiyo ni kama pumzi sita kwa dakika. La msingi ni kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Unaweza kuunganisha na misuli: kaza ngumi na mabega unapovuta, legeza kila kitu unapotoa.

Utashuka. Pengine kutoka 90 hadi 65, na pengine kwa dakika chache tu. Hapa ndipo watu hudanganyika. Wanajisikia nafuu, wanaichukua nafuu hiyo na kurudi nayo moja kwa moja kwenye ugomvi, na baada ya sekunde wako 95. Dakika hizo ni za kukaa. Fanya jambo linaloshika akili nzima: hesabu kurudi nyuma kwa saba saba kuanzia mia, pasi nguo, sikiliza muziki wenye sauti ya utulivu, nusa kitu unachokipenda. Usipoweza kulitatua tatizo usiku huu, lengo la usiku huu ni moja: kutoliongeza.

Kwa wale ambao hamu zao ni za hatari, kama kujidhuru au kulewa, kuna karatasi ya kuandika mapema, siku ukiwa mtulivu. Igawe mara nne: faida za kuifuata hamu, hasara za kuifuata, faida za kuishinda, hasara za kuishinda. Usijidanganye kwenye ile sehemu ya kwanza. Kuifuata hamu kuna faida, la sivyo usingeitaka. Iandike. Kisha ikunje uiweke utakapoifikia kwa mkono, na siku ya shida uisome tu, usiiandike upya.

Kuukubali ukweli

Ipo stadi moja katika kundi hili ambayo huleta mabishano kila mara ninapoifundisha: kukubali kikamilifu. Mtu hunyanyua mkono na kuuliza, "Yaani nikubali alichonifanyia?" Hapana. Kukubali hapa hakuna maana ya kuridhia, kusamehe wala kukaa kimya. Maana yake ni kuacha kupigana na ukweli kwamba jambo limetokea. Maumivu ya kuachwa yapo. Hayo huwezi kuyaruka. Lakini ukikesha ukirudia "haiwezekani, isingepaswa kuwa hivi", unajiongezea mateso juu ya maumivu, na bado asubuhi jambo liko palepale.

Namna ya kuifanya: liseme jambo lenyewe kwa sentensi fupi isiyo na hukumu. "Ameondoka." Angalia sehemu ya mwili inayokataa, mara nyingi ni mikono na uso. Fungua viganja uviweke juu ya mapaja vikitazama juu, legeza paji la uso, na pembe za mdomo ziinue kidogo mno, kiasi kwamba mwingine hawezi kuona. Watu hucheka wakiambiwa hivyo. Mimi pia naona inachekesha, na naendelea kuifundisha, kwa kuwa ni vigumu sana kushikilia "haiwezekani" huku viganja viko wazi. Baada ya dakika kumi akili itarudi kukataa. Kubali tena. Hili halifanywi mara moja likaisha.

Chini ya namba yako

Tuchukue mfano wa kubuni. Umemtumia rafiki yako ujumbe asubuhi. Ameusoma. Sasa ni jioni, hajajibu, nawe una hofu na aibu, 60. Kichwani umeshahitimisha: amenichoka.

Chukua kalamu. Kwanza andika yale tu ambayo mtu aliyekaa pembeni angeyaona na kuyasikia: nilituma saa tatu, ameusoma, hajajibu. Basi. "Amenichoka" halimo humo, kwa kuwa hakuna aliyeliona. Kisha andika maelezo mengine angalau matatu yanayoweza kuwa kweli. Uliza: ninachokiogopa hasa ni nini? Kwamba urafiki utakufa. Na ukifa kweli, nitafanyaje? Swali hili la mwisho watu hulikimbia, lakini ndilo linalotuliza, kwa maana mara nyingi jibu lipo: nitaumia sana, nitamlilia dada yangu, nitaendelea kuishi.

Sasa hukumu moja inahitajika: je, hisia hii, kwa ukubwa huu, inalingana na ukweli ulioandika? Ikilingana, una tatizo la kutatua, basi litatue. Isipolingana, au kuifuata kutakuharibia zaidi, fanya kinyume cha inachokuamuru. Hofu inakuambia ukimbie. Sogea karibu, tena na tena. Huzuni inakuambia ulale; amka, utoke. Hasira inakuambia ushambulie. Jitenge kwa upole, au mtendee yule mtu wema mdogo. Aibu isiyo na msingi inakuambia ujifiche. Inua kichwa, mwambie jambo hilo mtu ambaye hatakukataa kwa sababu yake.

Fanya kinyume mpaka mwisho. Mtu anayeogopa mkutano akahudhuria huku amejikunyata, macho chini, sauti ya kunong'ona, bado anaitii hofu. Mwili mzima ushiriki: mgongo, macho, sauti, hatua. Na hili lisifanywe pale ambapo hisia inasema kweli. Kama unamwogopa mtu anayekupiga, hofu yako ina haki, usimsogelee, ondoka.

Ndani ya kazi hii yote kuna zoezi moja dogo, nalo ni kuyatazama mawazo kama mawazo. Badala ya "ananichukia", sema "nimepata wazo kwamba ananichukia". Kwenye vitabu somo hili la umakinifu hutangulia mengine yote, na wapo walimu wanaoanza na kukaa kimya kufuata pumzi. Mimi hulichanganya humu humu, kwa sababu nimeona watu wenye hisia kali wakikimbia darasa lililoanza na ukimya. Lengo lake ni lile lile: kufika mahali ambapo hisia na hoja zote zimesikilizwa, kisha ukajua la kufanya. DBT inapaita akili ya busara, na inashikilia kwamba kila mtu anayo. Ukitaka kuisikia, vuta pumzi na uulize swali lako; usijijibu, sikiliza.

Unapoomba kitu, au unapokataa

Hisia nyingi kali huzaliwa kati ya watu, hivyo lazima ujue kusema. Kabla hujafungua mdomo, amua kipi ni cha kwanza safari hii: kupata unachokitaka, kuulinda uhusiano, au kulinda heshima yako. Mara nyingi huwezi kuvipata vyote kwa kiwango sawa.

Kisha sema kwa mpangilio huu: eleza kilichotokea bila kukipamba, taja ulivyojisikia, omba waziwazi, onyesha faida. Mdogo wa mtu anaweza kumwambia kaka yake: "Kaka, jana mbele ya watoto ulisema sijui kulea. Niliona aibu, na iliniuma. Nakuomba, ukiwa na neno kuhusu watoto wangu, uniite pembeni. Nitakusikiliza vizuri zaidi hivyo." Atajibu labda, "Wewe nawe una makuu." Usiifuate hiyo njia. "Inawezekana, Kaka. Ninachoomba ni uniite pembeni." Akileta la mwaka juzi, rudia ombi lile lile kwa sauti ile ile. Uwe tayari pia kupunguza ombi au kumuuliza yeye anaona suluhisho gani. Na usiombe radhi kwa kuwa na ombi.

Siku baada ya mlipuko

Ukishindwa, usiruke kwenda kujilaumu. Kaa uchambue mnyororo. Anza na udhaifu uliokuwepo kabla: hukulala, hukula, unaumwa, ulikunywa pombe. Halafu tukio lenyewe lililowasha. Halafu kila pete iliyofuata, wazo, hisia, mguso wa mwili, tendo, bila kuruka: niliona ujumbe, nikafikiri ananipuuza, kifua kikabana, nikampigia, hakupokea, nikampigia tena. Mpaka kwenye tendo, kisha matokeo yake ya papo hapo na ya baadaye.

Watu wakiambiwa waeleze kwa nini walilipuka, husema, "Nilikasirika tu." Mnyororo huonyesha pete kumi na kitu, na nusu yake zingeweza kukatwa. Chagua moja, iliyo rahisi zaidi, uandike stadi utakayoiweka hapo safari ijayo. Mara nyingi, kwa kuudhi kabisa, pete rahisi kuliko zote ni usingizi. Kutibu maradhi ya mwili, kula kwa wakati, kulala, kufanya mazoezi na kujiepusha na vilevi havionekani kuwa tiba ya hisia, lakini mtu aliyelala vibaya huanza siku akiwa ameshapanda.

Kila jioni jaza kadi: hisia kubwa za siku kwa namba, hamu zilizokujia, stadi ulizotumia. Dakika tano zinatosha. Kadi isiyojazwa kwa wiki nzima kisha ikajazwa kwa mkupuo mlangoni, mimi huitambua kwa wino.

Ukiwa peke yako, na usipokuwa peke yako

DBT kamili ni zaidi ya ukurasa huu. Ina tabibu wa kukutana naye mmoja kwa mmoja, kikundi cha stadi cha kila wiki, simu ya msaada kati ya vikao, na timu ambamo matabibu wenyewe hushauriana. Mzunguko wa stadi huchukua kama wiki 24, na wengi huurudia ili ukamilike mwaka. Ikiwa una mawazo ya kujiua, ukurasa huu haukutoshi: mwambie mtu leo, nenda hospitali, na chochote unachofikiria kukitumia kitolewe ndani kikashikwe na mwingine.

Ikiwa kikundi hakipo unakoishi, chukua stadi moja kwa wiki, uifanye ukiwa 20 na 30, si mpaka moto uwake. Beseni lijaribu siku ya kawaida. Mazungumzo na kaka yako yafanyie mazoezi mbele ya kioo.

Na mtafute mwenza mmoja. Kwenye DBT, simu kwa tabibu hupigwa kabla mtu hajajidhuru. Akishajidhuru, kwa saa 24 zinazofuata tabibu hampi ule msaada wa simu, isipokuwa kuhakikisha uhai wake hauko hatarini. Linaonekana sharti kali, lakini humfundisha mtu kupiga mapema, wakati kuna cha kufanya. Kubalianeni vivyo hivyo na mwenza wako kuhusu simu za mapema, ila kuhusu uhai apigiwe saa yoyote. Kubalianeni pia maneno: wewe utamwambia namba, na stadi uliyokwisha kuijaribu. "Niko 85. Nimeshatumia maji." Yeye hatakuuliza ilianzaje wala nani mwenye makosa. Atasema, "Naona imekuwa ngumu, na si ajabu," kisha atakuuliza unafanya nini kwa dakika kumi zijazo, na atakaa kwenye simu mpaka uanze kukifanya.